Meno Ishirini ya Apakuki

Pale Naivosa, upande wa Tailevu kule Fiji, ukitaka nyumba isimame wima ulimwita Apakuki. Alikuwa seremala wa kujifunzia kazini, mrefu, mwenye mabega ya kubeba boriti peke yake, na alikuwa na tabia moja iliyojulikana hadi mjini Korovou: misumari aliiweka mdomoni. Misumari kumi na tano kwa mpigo, vichwa vikichungulia nje ya midomo, na bado akaendelea kusimulia habari za ukoo wa fulani na ng'ombe wa fulani. Waliofanya naye kazi walijifunza kuelewa maneno yanayopita katikati ya chuma.

Alipokuwa na miaka thelathini na kitu, mswaki ulianza kumtoa damu. Akalifikiria jambo hilo kiseremala. Kifaa kinachoharibu kazi huwekwa kando, basi akauweka mswaki kando. Damu ikapungua na Apakuki akajiona mganga.

Lakini fizi zilikuwa zinaendelea na shughuli zao. Zikavimba, zikawa na rangi ya biringanya. Meno ya mbele yakaanza kuachana kama watu waliogombana kanisani. Asubuhi akiamka aliyasukuma kwa kidole gumba yarudi mahali pake, na hadi mchana yalikuwa yamekwisha kurudi yalikotaka. Magego mawili yalidondoka yenyewe, moja kwenye mkate, jingine hakujua lilikokwenda, na hakutaka kufikiria sana.

Siku moja ya Jumatano, akiwa na miaka hamsini na miwili, alikuwa juu ya paa la shule ya msingi akipigilia mabati. Akavuta msumari mdomoni, nao ukaja na jino. Jino zima, na mzizi wake, limening'inia kwenye msumari kana kwamba limenunuliwa pamoja nao dukani. Mwenzake aliyekuwa ameshika bati upande wa pili akatoa macho.

"Apakuki! Siku hizi unapigilia na meno?"

"Misumari imekuwa adimu, ndugu yangu," akajibu, na wote wawili wakacheka hadi bati likataka kuwaponyoka. Halafu Apakuki akalitia jino kwenye mfuko wa shati, pamoja na penseli yake, akamaliza mstari wa misumari uliobaki. Alipofika nyumbani hakulionyesha kwa mtu.

Kula kulikuwa kumeshakuwa kazi ya ziada. Zile biskuti ngumu za chai, ambazo kila nyumba ya Fiji haikosi kopo lake, yeye alizilowesha mpaka zikawa uji. Nguruwe akitolewa kwenye tanuri la ardhini, ngozi yake iliyokauka ikalia kama kuni, Apakuki aligawa fungu lake na kusema daktari kamkataza mafuta. Hakuna daktari aliyekuwa amemkataza kitu, kwa sababu hakuna daktari aliyekuwa amemwona. Mkewe Makereta alimpondea magimbi kwa mwiko na kumwekea kando.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kifuu. Jioni wanaume wa Naivosa hukaa kwenye mkeka wa ukumbi wa kijiji, yangona, kile kinywaji cha mizizi, ikakorogwa kwenye bakuli kubwa, na kifuu kimoja cha nazi kikazunguka kutoka mkono hadi mkono. Jioni moja Apakuki alikunywa, akapiga makofi matatu ya ada, akakirudisha kifuu, na kwa pembe ya jicho akamwona mgawaji akikisuuza kwa maji kabla ya kumpa anayefuata. Wengine walipokunywa hakukisuuza. Tangu hapo Apakuki akawa mtu wa shughuli nyingi: leo ana msumeno wa kunoa, kesho mgongo unauma. Kwa miaka mitatu alikaa barazani kwake akisikiliza vicheko vya wenzake vikitoka ukumbini, akijiambia kwamba siku hizi watu wanacheka mambo ya kipuuzi.

Sasa, watu wa Naivosa na watu wa Waitoga, ng'ambo ya mto, ni watani tangu enzi za mababu. Watani hao wakikutana hakuna heshima, hasa msibani. Mjomba wake Makereta alipofariki, watu wa Waitoga walikuja kama ilivyo ada: wakaiba kuku chunguni, wakavaa kofia za marehemu, wakamwuliza mchungaji kama ana uhakika mbinguni watampokea mtu aliyekuwa mchoyo vile. Kati yao alikuwamo Vilikesa, bwana mnene, mkamuaji wa ng'ombe, mwenye sauti ya kuitia mifugo. Akaja akaketi karibu na Apakuki. Akasogea mbali kidogo. Akasogea tena.

"Mtani," akasema, ukumbi mzima ukisikia, "hapa kwenu kuna msiba mmoja au miwili?"

"Mmoja. Huna macho? Jeneza si lile pale?"

"Macho ninayo. Ila pua inaniambia miwili. Huyu wa pili amekufia humo mdomoni mwako, na mmechelewa sana kumzika."

Watu wakaanguka. Mama mmoja alicheka mpaka akalalia begani kwa mfiwa. Apakuki naye akacheka, kiganja mdomoni, akarudisha: "Na wewe unayelala na ng'ombe, harufu nzuri uliijulia wapi?" Akapata kicheko chake, wakawa sare. Lakini alipokuwa akipangusa machozi, jambo moja likamkaa kifuani. Hakuna mtu wa Naivosa aliyeuliza, "Unasema nini wewe?" Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzaha ule uliwafikia wote mara moja, mpaka watoto.

Asubuhi ya pili yake Makereta alikuwa bombani akisugua masufuria ya msiba. Apakuki akaja akasimama nyuma yake, akajifanya anaangalia koki inavyovuja.

"Mama Losana. Yule mpuuzi wa jana alisema kweli?"

"Mpuuzi yupi? Walikuja ishirini."

"Unamjua ninayemsema."

Makereta akaendelea kusugua. Kisha akaweka sufuria chini.

"Kweli."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Losana alikuwa darasa la tano."

Losana, binti yao, alikuwa sasa anasomea uuguzi mjini. Apakuki akapiga hesabu kwa vidole, akarudia tena, maana jibu la kwanza hakulipenda. Miaka minane.

"Miaka minane! Na wewe umenyamaza?"

"Nani kanyamaza? Nilikwambia upige mswaki, ukasema mswaki unakutoa damu. Nikakununulia peremende, ukawaambia watu mkeo amekuwa mkarimu. Kitandani nikahamia upande wa ukutani, ukasema napenda ubaridi. Nilitaka nifanye nini, Baba Losana, nikupigie ngoma?"

Apakuki akashika ile koki, akaikaza, akaingia ndani.

Jumatatu alipanda basi la alfajiri kwenda mji mkuu, Suva, amevaa sulu, ile shuka ya kiunoni, ya kanisani na shati lililopigwa pasi. Kliniki ya meno ilijaa watu walioshika mashavu. Alipoitwa, akamkuta daktari mwanamke, mdogo wa umbo, jina lake Dokta Goundar, na muuguzi wa makamo aliyeitwa Lusiana, ambaye alimtazama juu mpaka chini kama shangazi anayempima mchumba.

Apakuki alikuwa ameshapanga maneno yake kwenye basi. "Daktari, sitaki kukupotezea muda. Ng'oa yote. Nipe ya bandia, nirudi na gari la saa nane."

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Seremala."

"Na mtu akikuletea nyumba iliyoinama, unaibomoa bila kuingia chini kuangalia nguzo?"

Apakuki akafungua mdomo. Daktari akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akakipitisha pembeni mwa kila jino, akimtajia Lusiana namba: "Tatu. Saba. Nane. Saba. Kumi. Tisa." Lusiana akaandika. Apakuki, mdomo wazi na macho darini, alidhani wanachagua nyimbo za Jumapili.

"Wimbo wa kumi hatuujui vizuri kwetu," alisema aliporuhusiwa kufunga mdomo.

Lusiana alicheka hadi kalamu ikamwanguka. Daktari akatabasamu, kisha akamweleza. Zile zilikuwa milimita. Kwa mtu mwenye afya, ufizi unalikumbatia jino, na kijiti kinazama mbili au tatu tu. Kwake kilikuwa kinazama kumi, na humo ndani mlijaa ugaga mgumu kama saruji, na usaha. Meno yenyewe hayakuwa na tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa mfupa unaoyashikilia, uliokuwa umeliwa kidogo kidogo kwa miaka ishirini. Kisha Lusiana akamchoma kidole, akaenda na tone la damu, akarudi na uso wa mtu aliyetumwa kuleta habari mbaya. Apakuki alikuwa na kisukari pia, na hayo maradhi mawili, daktari alisema, yanapeana nguvu.

"Sasa nitapona lini?"

"Hutapona, mzee."

Apakuki akajiinua kwenye kiti.

"Utatulia," daktari akaendelea. "Mfupa uliokwisha haurudi. Uliobaki tunaweza kuulinda. Una meno ishirini na sita. Matano siwezi kukudanganya, yanatoka. Ishirini na moja tunaweza kuyapigania, lakini mimi peke yangu siwezi. Utakuja hapa kila miezi mitatu, na hiyo tumbaku iliyo mfukoni mwako unaacha."

"Kila miezi mitatu mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu astaafu."

Hivyo ndivyo matibabu yalivyoanza. Alichomwa ganzi, upande mmoja wa mdomo kila safari, na ugaga ukakwanguliwa chini kabisa, kwenye mizizi. Apakuki alisikia sauti ya chuma kwenye jino ikipita mpaka ndani ya masikio na akasema moyoni kwamba sasa anajua ubao unavyojisikia. Yale matano yakatoka. Sehemu mbili ilibidi ufizi ufunguliwe kwa kisu, usafishwe, ushonwe. Alirudi kijijini shavu limevimba, mate yakimtiririka kwenye basi, akitazamwa na abiria kama mlevi wa asubuhi.

Nyumbani nako kulikuwa na shule. Mswaki laini, mara mbili kwa siku, na vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno, kila pengo na saizi yake. Kwa mtu aliyekaa miaka ishirini bila mswaki, ilikuwa kama kuambiwa avae viatu vya kike. Alitengeneza kiubao chenye matundu, akavipanga vibrashi vyake kwa ukubwa, akakipigilia karibu na bomba. Kijiji kizima kikaja kutazama. "Apakuki anafuga viwavi," wakasema. Dada yake mkubwa alichomoa kimoja, akakinusa, akauliza kama kinaweza kusafisha birika.

Wiki ya sita damu ikakoma. Uvimbe ukashuka, rangi ya biringanya ikaondoka. Hapo akajitazama kwenye kioo na kupata mshituko mwingine: fizi ziliponywea, meno yalibaki marefu, na mapengo katikati yanapitisha mwanga.

"Nilikuja kwako binadamu, daktari," akalalamika safari iliyofuata. "Sasa nina uso wa farasi."

"Farasi mwenye meno," akajibu Dokta Goundar. "Fungua."

Na maji baridi yalimchoma. Akawa anakunywa maji ya uvuguvugu mchana wa jua kali, watu wakimwuliza kama amejifungua.

Mwaka mmoja na nusu ukapita vizuri. Halafu kikaja kimbunga. Kiling'oa mapaa kutoka Korovou mpaka pwani, na kila aliyebaki na kuta nne alimtaka Apakuki kesho asubuhi. Alifanya kazi kuanzia jua linapochomoza mpaka lisiweze kuonekana tundu la msumari. Akala alichopata, akalala alipofika. Miadi ya kwanza ikapita. Ya pili akasema ataunganisha na ya tatu. Isitoshe fizi zilikuwa za waridi, ngumu, hazimuumi, alijiona amehitimu. Miezi tisa baadaye aliamka na jipu kwenye ufizi kubwa kama zabibu, na gego la juu linacheza.

Dokta Goundar hakumgombeza. Alivaa glavu, akapima, akataja namba zake kwa sauti ya chini. Aliyegombeza ni Lusiana.

"Mapaa ya watu wote wa Tailevu umeyafunga, na mdomo wako ukauacha wazi?"

"Watu walikuwa wananyeshewa, dada."

"Na simu? Simu nayo ilinyeshewa? Umeshindwa kusema, 'Lusiana, nimebanwa, nipe siku nyingine'?"

Gego lile likaondoka. Yakabaki ishirini. Siku hiyo, kwenye basi la kurudi, Apakuki aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ya msiba, kwa sababu hii hakuwa na wa kumtupia. Hakukosa miadi tena. Kadi ya kliniki aliibandika kwenye kisanduku cha zana, ndani ya kifuniko, mahali asipoweza kuchukua nyundo bila kuiona.

Mabadiliko mengine yalikuja polepole kiasi kwamba hakuyaona yakiingia. Mchana mmoja alikula mboga ya majani ya magimbi kwenye tui, akasimamisha kijiko hewani.

"Mama Losana, siku hizi unatia nini humu?"

"Ninachotia kwa miaka ishirini na sita."

"Hapana. Kuna kitu umeongeza."

"Baba Losana, ulikuwa unakula na usaha mdomoni. Kula, nyamaza."

Akala, akaongeza, akaongeza tena. Sukari yake ilishuka, na usingizi ukawa wa kulala mpaka jogoo, bila kuamka kutafuta upande wa shavu usiouma. Makereta aligeuka kutoka ukutani bila kutangaza. Jambo la kwanza alilojua Apakuki ni kwamba mkewe anamkoromea usoni, na alipomlalamikia, akaambiwa kama hapendi basi ukuta uko pale, ahamie yeye.

Kazini, misumari mdomoni ilipigwa marufuku na daktari. Losana alimshonea mkanda wenye mifuko. Wenzake juu ya paa walilalamika kwamba sasa wanasikia kila neno analosema, na kwamba zamani ilikuwa afadhali. Na jioni moja, bila kualikwa rasmi, aliingia ukumbini, akaketi mwisho wa mkeka. Kifuu kikamfikia. Akanywa, akapiga makofi, akakirudisha, akainamisha macho ili asione. Hakusikia maji ya kusuuza; aliyekaa kulia kwake alikunywa na kukohoa na kuanza kusimulia habari za nguruwe wake aliyepotea. Apakuki alisikiliza habari zile za nguruwe mpaka mwisho, zote, na alikuwa hajawahi kusikia habari tamu kama zile.

Kwenye harusi moja ng'ambo ya mto, Vilikesa alimkuta akitafuna ngozi ya nguruwe, sauti yake ikisikika meza ya tatu. Mkamuaji akamzunguka mara mbili akitafuta pa kushikia.

"Mtani, naona umefungua mashine ya kupasua mbao."

"Karibu, leta kichwa chako, tuanze na mbao ngumu."

Wakacheka. Kisha Vilikesa akavuta kiti, akaangalia huku na huku, akashusha sauti yake mpaka ikawa karibu ya mtu wa kawaida. "Hivi," akasema, "hiyo kliniki yako ... mtu akienda, wanaanzia wapi?" Apakuki angeweza kummaliza pale pale, na sheria ya utani ilimruhusu. Alimwambia tu basi la alfajiri linapita saa ngapi, na amtafute Lusiana.

Mwaka wa sita, Apakuki alikwenda Suva pamoja na Makereta, aliyetaka kitambaa cha sare ya akina mama wa kanisa. Baada ya kusafishwa, Lusiana akaja na karatasi. Kliniki ilitaka kujua wagonjwa wa muda mrefu wanaishije. Apakuki alikuwa amesahau miwani, kwa hiyo Lusiana akasoma.

"Katika miezi mitatu iliyopita, ni mara ngapi umepata shida kutamka maneno kwa sababu ya kinywa chako? Kamwe, mara chache, mara nyingi?"

"Kamwe," akasema Apakuki.

"Laiti," akasema Makereta.

"Umepata maumivu?"

"Maji ya barafu. Mara chache. Siku hizi hata hayo nayazoea."

"Umeona aibu?"

Akafikiri. "Kwenye picha. Lile pengo la mbele. Andika mara chache."

"Umeepuka kukaa na watu?"

Makereta akaangalia kitambaa alichokuwa amenunua asubuhi, akaanza kukikunja upya ingawa kilikuwa kimekunjwa vizuri.

"Dada Lusiana," akauliza Apakuki, "hapo pamesema miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

"Basi kamwe. Lakini hiyo miaka ya nyuma mnaiandika wapi?"

Lusiana akaigeuza karatasi, akaangalia pande zote mbili. Hapakuwa na mahali. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe mtupu. Akavuta kiti, akabofya kalamu.

"Sema."

Akasema. Alisema habari za baraza na vicheko vya ukumbini, za kuwapa watu fungu lake la nyama na kudanganya, za kucheka na kiganja mdomoni mpaka mkono ukazoea, hata leo unapanda wenyewe. Hakuzisema kwa huzuni. Mahali pengine Lusiana ilibidi aache kuandika ili acheke. Makereta alimsahihisha tarehe. Nyuma ya karatasi ikajaa, maneno yakapanda pembeni, na mgonjwa aliyefuata akakohoa mlangoni mara ya tatu.

"Swali la mwisho," akasema Lusiana. "Kwa jumla, umeridhika?"

"Nina njaa," akasema Apakuki. "Weka ndiyo."

Wakatoka na kadi ya miadi ya Aprili. Sokoni Makereta akachagua nanasi lililokwisha menywa kwa mama mmoja mwenye sanduku la barafu. Apakuki akaomba lisilotoka kwenye barafu. Yule mama akamtazama. Jua lilikuwa la kupasua kichwa, na wateja wote walikuwa wanataka la baridi.

"La moto, mzee?"

"La moto, mama. Na unikatie vipande vinene."

Wakala wamesimama, juisi ikiwatiririka mpaka viwiko, wakibishana kama kile kitambaa ni cha bluu au cha kijani, mpaka basi la Korovou likapiga honi.